Tangi la Kufika Jumamosi

Neno lilikuwa limeandikwa kwenye kioo cha mbele cha pikapu, kwa ile kalamu ya nta nyeupe ambayo mafundi wa vioo huitumia kuweka vipimo. Herufi zilikuwa kubwa, zimeanzia upande wa dereva zikaishia upande wa abiria: LINAUZWA.

Pamba alisimama mbele ya pikapu, kikombe cha chai mkononi. Alilisoma mara ya kwanza, akalisoma tena kama mtu anayetumaini kwamba herufi zitajipanga upya. Kisha akafungua mlango, akaketi kwenye usukani, na hapo ndipo lilipomchoma zaidi. Ukiwa ndani, neno lilikugeuzia mgongo. Lilisomeka kinyume, na nyuma yake ndiko ilikokuwa barabara.

"Dada!" aliita.

Dada yake alitokea mlangoni mwa karakana akiwa amevaa glavu za ngozi, unga wa kioo umemng'aa kwenye nyusi. Yeye ndiye aliyekuwa na duka la vioo, yeye ndiye aliyekata, na yeye ndiye aliyeandika.

"Umeliona?"

"Nimeliona! Barabara nzima imeliona! Ungeniambia kwanza, hata kwa kunong'ona."

"Nakuambia tangu mwaka juzi. Hukupewa jina la Pamba bure, masikio yako yamejaa hiyo hiyo." Alivua glavu moja. "Tangi tunalijaza Jumatatu, Alhamisi mchana taa inawaka. Nikikata kioo, nalikatia gari. Nikipiga ncha msasa, nalipigia gari. Mimi siku hizi nimeajiriwa na pikapu."

"Ni gari la baba."

"Baba amekufa, mdogo wangu. Na gari nalo lina haki ya kupumzika."

Alisema hivyo bila ukali, na hilo ndilo lililomtisha Pamba. Dada yake akifoka, jambo bado linajadiliwa. Akisema taratibu, limekwisha.

"Nipe nafasi," Pamba akasema. "Nitalitibu."

Dada alivua glavu ya pili. "Haya. Siku tangi la Jumatatu litakapotufikisha Jumamosi jioni, bila kuongeza hata kikombe, nitalifuta neno hili kwa mkono wangu. Akija mnunuzi kabla ya hapo, utampa ufunguo wewe mwenyewe."

Jina la Pamba alikuwa amepewa na baba yao, kwa sababu ya mguu. Kioo kinachosafirishwa husimama wima nyuma ya gari, kimeegemezwa kwenye fremu ya chuma iliyofunikwa vipande vya zulia, na dereva akikanyaga breki kwa hasira, kioo hicho hakimsubiri. Pamba alikuwa na mguu wa kulia ambao haukuwahi kukasirika. Baba alikuwa akiwaambia wateja, "Huyu anaendesha kama anafunga kidonda."

Mengine yote aliyoyashika mikononi yalikuwa yameanguka. Aliwahi kuwa mlinzi, wakamkuta amelala huku ameegemea geti lililo wazi. Aliwahi kuwa kinyozi, mpaka alipokata ncha ya sikio la mteja aliyekuja kujiandaa kwa harusi yake mwenyewe. Aliwahi kupanga vifaa vya simu kwenye meza kando ya barabara, mvua ikaja ikaondoka na meza. Nyuma ya usukani wa pikapu ile tu ndipo mwili wake ulipomtii. Watu wengine huhesabiwa watu kwa sababu ya vyeti, wengine kwa sababu ya watoto. Yeye alihesabiwa mtu kwa sababu ya pikapu. Gari likiuzwa, dada yake angekodi magari ya watu kubeba vioo, naye angebaki kuwa yule anayeitwa kushika ncha ya pili ya kioo, halafu anaambiwa, "Asante, weka hapo."

Kwa hiyo siku ile ile alilipeleka gari gereji, kwa fundi waliyemwita Masikio, ambaye kabla ya kugusa spana yoyote huegemeza kichwa kwenye boneti na kufumba macho. Dada yake alikwenda pia. Alisema anataka kusikia uongo mwenyewe, asisimuliwe.

"Gari linakunywa," Pamba akaeleza.

"Gari halinywi, linanyweshwa," Masikio akajibu. "Zunguka nalo kidogo, urudi."

Aliporudi, fundi alipita gurudumu moja baada ya jingine akizigusa rimu kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kwenye gurudumu la nyuma la kushoto aliuondoa mkono haraka.

"Ndugu yangu, hili breki yake haiachii. Umekuwa ukiendesha huku unajizuia. Tangu lini?"

Pamba aliinama akagusa, akaungua. Muda wote huo, mguu wake wa pamba ulikuwa ukisukuma gari lililojishika lenyewe.

Na haikuishia hapo. Matairi yalikuwa na upepo mdogo, yamekaa kama watu waliochoka. Chujio la hewa lilipogongwa sakafuni lilimwaga vumbi la kutosha kupanda mchicha, na manyoya ya kuku. "Unataka likimbie huku umeliziba pua?" Masikio akauliza. Halafu akaitazama fremu ya vioo iliyosimama nyuma. "Na hii, mkishashusha mzigo, hubaki imesimama hivi hivi?"

"Hubaki."

"Kwa hiyo mkirudi, mnabeba upepo. Ifungeni bawaba, ilale. Ukifika kwa mteja, unazima injini?"

"Sizimi."

"Kwa nini?"

"Baba alikuwa hazimi."

"Kwa nini?"

"Betri yake ilikuwa mbovu. Ukizima, haliwaki."

"Na betri hii?"

"Mpya."

Masikio alimgeukia dada mtu, wakatazamana kama wazazi wawili kwenye kikao cha shule.

"Kwani ule ufunguo unazima nini hasa?" dada akauliza, kwa namna ya mtu anayejaza ukimya.

"Unafunga dizeli, basi. Injini hii haina cheche kama za petroli. Yenyewe inataka vitu viwili, mafuta na hewa. Ikikosa kimoja, inalala."

Dada aliitikia kwa kichwa huku macho yake yakiwa kwenye dirisha la gereji lililovunjika, tayari ameshalipima.

Baada ya hapo Pamba aliishi kama mtu aliyeweka nadhiri. Alizima injini kila aliposhusha kioo, na mara za kwanza alihisi kama anamsaliti marehemu. Alipima upepo wa matairi kila alipopita kituo cha mafuta. Alilaza fremu. Ili kupunguza uzito, alitoa chini ya kiti minyororo ya baba, nyundo za baba, na jiwe la kuzuia gurudumu ambalo baba alilibeba miaka yote. Alianza hata kuvua kiatu cha kulia, aendeshe kwa mguu mtupu, ausikie moyo wa pedali. Mkewe alipoomba lifti ya kwenda sokoni alimkuta anapima kwa macho kikapu chake.

"Na mimi nishuke, mume wangu? Au nikate kucha kwanza?"

Tangi lilivuka Alhamisi. Siku lilipoivuka, Pamba alipiga honi getini kama bwana harusi. Wiki iliyofuata lilifika Ijumaa asubuhi, kisha Ijumaa mchana, na pale likakwama. Alifanya kila alilolijua, akapunguza mwendo mpaka baiskeli zikampita, lakini kila Ijumaa mchana taa ya manjano iliwaka kwenye dashibodi, na juu yake lile neno lililogeuza mgongo likiendelea kumtazama. Kati ya Ijumaa na Jumamosi palikuwa na shimo, na hakujua mafuta yaliyokuwa yakimezwa humo yanakwenda wapi.

Faraja yake ilikuwa kitu kimoja, oili.

Kila asubuhi, kabla ya chai, alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Hiyo ilikuwa ibada ya nyumba yao. Baba aliwafundisha wote wawili wakiwa wadogo, akiwaonyesha mikwaruzo miwili kwenye kijiti: oili isishuke chini ya ule wa chini, ikishuka tumekwisha. Na miaka yote ilikuwa ikishuka. Sasa ilikuwa imeacha kushuka. Ilifika kwenye alama ya juu, ikaipita, ikaendelea kupanda kidogo kidogo. Aliisugua kati ya vidole akaiona nyepesi kama maji, akakumbuka maneno ya madereva kituoni kwamba oili nyepesi huifanya injini iende bila kuchoka. Aliona gari linamshukuru.

"Dada, hata oili halili tena," alisema asubuhi moja. "Inapanda!"

"Inapanda vipi?"

"Inapanda tu. Gari limepona."

"Basi niwekee na sukari humo," dada akasema bila kuinua macho kwenye meza ya kukatia. "Nione kama itaongezeka."

Wakacheka wote wawili. Hawakwenda kumuuliza Masikio, maana mgonjwa aliyepona harudishwi hospitali. Nimelifikiria sana jambo hili tangu nilipolisikia. Mikwaruzo ilikuwa miwili, wakarithishwa woga wa mmoja. Walikulia katika nyumba ambamo kila kitu kilipungua, unga, mafuta ya taa, sabuni, na hatimaye baba mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuwafundisha kuogopa kitu kinachozidi.

Ijumaa moja, mnunuzi alikuwa ameshapiga simu. Angefika kesho yake asubuhi. Pamba alikuwa amepeleka kioo kikubwa kwenye saluni iliyo juu ya kilima, akarudi mtupu, fremu imelala, taa ya manjano inawaka. Hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba ameshindwa. Aliingia uani polepole, akasimama mahali pake pa kawaida, karibu na ukuta ambako vioo vya wiki vilikuwa vimepangwa kwa kuegemezwa, vya madirisha mbele, vya kujitazamia nyuma. Dada yake alikuwa mbele ya gari, ameinamia meza, anachora mstari kwa almasi ya kukatia.

Pamba aliondoa mguu kwenye pedali. Mngurumo haukushuka.

Ulipanda.

Alitazama chini. Mguu wake mtupu ulikuwa juu ya zulia la mpira, mbali na pedali, umetulia kama mguu wa mtu anayesubiri zamu kwa daktari. Injini ilipanda tena. Akazungusha ufunguo. Taa zote za dashibodi zikazimika, hata ile ya manjano. Akauchomoa. Ufunguo ulikuwa kwenye kiganja chake, na gari lilikuwa linapiga kelele.

Aliutazama. Katika maisha yake mambo mengi yalikuwa yamekataa, geti, wembe, meza, lakini ufunguo ulikuwa haujawahi.

Moshi mweupe ulitoka nyuma kama godoro linalopasuka, ukafunika geti, ukafunika bomba la maji. Pikapu ilitetemeka mahali iliposimama. Pale ukutani vioo vilianza kulia, kwanza kwa sauti nyembamba, kisha vyote pamoja, kila kimoja na sauti yake. Kimoja cha mbele kilipasuka kutoka kona hadi kona, na katika vile vya kujitazamia Pamba alijiona mara nyingi, kila mara ameshika ufunguo.

"Zima!" dada alipiga kelele. "Zima gari!"

"Nimezima!"

"Zima nakuambia!"

"Dada, NIMEZIMA!" Na akauonyesha ufunguo dirishani.

Dada aliuona ule ufunguo. Uso wake ulibadilika kuwa uso wa mtoto.

Dereva mwingine angetia gia kubwa, akakanyaga breki, aivunje injini nguvu. Lakini mbele ya boneti alikuwepo dada yake na kazi yote ya wiki, na gari lile sasa halikuwa la kuaminiwa hata kwa hatua moja. Pamba aliruka chini, akafungua boneti. Joto lilimpiga usoni. Sauti ilikuwa kubwa mno hata haikusikika tena kama sauti. Ilikuwa kitu kinachomsukuma kifuani. Mafuta na hewa, alikumbuka. Mafuta amefunga. Alilishika bomba la hewa kwa mikono miwili, akalipindua, akaling'oa kwenye chujio, na mdomo mweusi wa injini ukabaki wazi ukivuta.

Alivua shati akalisokomeza. Injini ililimeza hadi kwenye bega, ikakohoa, ikaendelea. Akalivuta likarudi bila mkono mmoja. Ndipo, kwa utulivu ambao baadaye dada yake hakuweza kuusimulia bila kunyamaza katikati, Pamba alikunjua kiganja chake cha kulia na kukipeleka kwenye ule mdomo.

Alisukumwa kando kwa bega. Dada alikuwa ameshika kipande cha kioo kinene, kile cha kutengenezea rafu za maduka, kimebaki kwenye kazi ya mtu. Alikibandika kwenye mdomo wa bomba kwa mikono yote miwili yenye glavu. Kioo kilinyakuliwa kikakaza kama kimegandishwa. Injini ilishtuka, ikatoa mlio wa mtu anayezama, ikatetemeka mara moja zaidi.

Kimya.

Vioo vya ukutani viliendelea kulia kidogo, kisha navyo vikaacha. Kupitia kioo kile kinene waliuona wote wawili mdomo wa injini, mweusi, wenye ukungu wa mafuta, umebanwa pale kama wa samaki.

"Imekufa?" dada akanong'ona.

"Usiachie."

"Imekufa, Pamba."

"Usiachie kwanza, Dada."

Walisimama hivyo. Alipokiachia hatimaye, dada alimgeukia akampiga kifuani kwa glavu, akampiga tena. "Mkono! Ulitaka kuipa mkono! Mkeo ningemwambia nini? Ningemwambia mkono wa mumeo uko wapi? Kwa ajili ya dizeli?" Kisha akaketi chini palepale, kwenye vipande vya kioo kilichopasuka, na Pamba akamwinua.

Masikio alikuja kwa miguu, anahema, maana moshi ulikuwa umeonekana mpaka gereji. Hakuegemeza kichwa kwenye boneti. Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa, akakitazama kama anayesoma habari ya msiba. Akaomba beseni, akalala chini ya gari, akafungua nati.

Oili ilitoka nyepesi, ikimwagika kama maji ya kuoshea vyombo. Beseni likajaa. Akaomba ndoo. Uani kukanuka dizeli tupu.

"Humu mmeweka nini?" Masikio aliuliza akiwa bado chini.

"Hatujaweka kitu," Pamba akasema.

"Kuna mpira ndani ya pampu ya dizeli, mdogo kuliko pete. Umechoka. Dizeli inapenya hapo, inateremka kwenye oili. Oili ikazidi, ikapanda, ikaingia kwenye njia ya hewa. Injini ikaanza kujinywa yenyewe. Ufunguo unafunga tangi, ndugu yangu, haufungi tumbo." Alitoka chini, akajifuta mikono. "Hukupima kijiti?"

"Nilipima kila siku."

"Ukaona nini?"

"Nikaona imezidi."

"Ukafanya nini?"

Pamba alitazama ndoo. "Nikafurahi."

Masikio hakucheka. Aliisogeza ile ndoo kwa mguu mpaka ikawa katikati yao. "Jumamosi yako hii hapa," akasema. "Ulikuwa unatembea nayo."

Asubuhi iliyofuata mnunuzi alifika, akamkuta dada anafagia vioo na pikapu imesimama, boneti wazi. Dada hakumpa nafasi ya kuuliza. "Jana lilitaka mkono wa mdogo wangu," alimwambia. "Bado unalitaka?" Yule mtu alizunguka gari mara moja, akasema atapiga simu. Hajapiga mpaka leo.

Injini ilipona. Masikio alisema ingeendelea kidogo tu wangezoa vyuma. Aliweka mpira mpya, oili mpya, na alipokabidhi gari alikwaruza alama ya juu ya kijiti kwa msumari, akaizidisha kina. Jumatatu walijaza tangi. Ijumaa mchana ilipita, Ijumaa jioni ikapita, na Jumamosi, jua linapungua ukali, Pamba aliingia uani taa ya manjano ikiwa haijawaka.

Dada alikuja na wembe wa kukwangulia rangi. Alichungulia dashibodi kupitia dirishani, akaguna. Kisha akapanda kwenye bampa, akaanza kulikwangua neno kuanzia mwisho wake. Nta ilidondoka vipande vipande kwenye boneti, na kwa kadiri herufi zilivyoondoka, Pamba aliyekuwa ndani aliona kwanza bega la dada yake, halafu shingo, halafu uso mzima.

Alizima injini. Ilizimika. Akachomoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja kilichokunjuliwa, na hakusogea. Nyuma ya kiti chake, kimefungwa kwa kipande cha zulia, kilikuwepo kile kioo kinene. Sasa hakuendesha bila hicho, japo kilikuwa na uzito.

"Limezima, Pamba," dada alisema kutoka nje. "Shuka."

"Nasikiliza kwanza," akajibu.